Modemu ya bei nafuu kwa kompyuta ya Linux: soma namba iliyo chini ya mfuniko

Simama kwenye kaunta yoyote ya vifaa vya simu pale Mwanjelwa, Mbeya, uliza kama modemu hii inakubali Linux, na jibu utalipata kabla hujamaliza kuuliza: "Hiyo inakubali kila kitu, bosi." Muuzaji hakudanganyi. Kwake yeye swali ni kama taa inawaka na laini inasoma, na hapo yuko sahihi. Wewe unauliza jambo jingine: je, kompyuta yenye Ubuntu, Debian au Linux Mint itaiona kama njia ya kuingilia intaneti, au itaiona kama diski yenye programu ya Windows ndani? Jibu la hilo haliko kwenye kasha wala kwenye nembo ya mtandao iliyochapwa mgongoni. Liko kwenye namba ya modeli, ile ya maandishi madogo chini ya mfuniko, jirani na IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa.

Watu huulizia modemu kwa jina la mtandao, na hapo ndipo pesa inapoanza kupotea. Ndani ya magamba yanayofanana, yenye nembo ileile, unaweza kukuta Huawei E173, E303, E3131 au ZTE MF190, na kila moja ina tabia zake. Mwombe muuzaji afungue mfuniko. Akisita, mwambie tu, "Kaka, nataka kusoma namba, sichomoi kitu." Usome modeli yote hadi tarakimu za mwisho baada ya kistari, maana E3372h-153 na E3372h-607 ni ndugu wa baba mmoja wasiosikia masafa yaleyale. Tutalifikia hilo.

Siku hizi wanaouliza swali hili wana sababu ya ziada. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwenye steshenari ndogo ya kuchapa Uyole au mwalimu wa sekondari Mafinga anawekewa Linux Mint, mashine inakuwa nyepesi, anafurahi. Halafu anachomeka modemu yake ya zamani na hakuna kinachotokea.

Modemu za USB, ukiacha majina, ni za aina mbili. Ya kwanza ni kijiti chenyewe, modemu ya asili. Hapa kompyuta ndiyo inayopiga simu ya data: inatuma amri, inataja APN (jina la lango la intaneti la mtandao wako), inapokea anwani. Kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na programu ya ModemManager ikishirikiana na NetworkManager. Kijiti cha zamani kama E173 kinatokea kama milango ya /dev/ttyUSB0, ttyUSB1 na kuendelea, kupitia draiva (programu ya kuendeshea kifaa) iitwayo option. Vijiti vya baadaye hutumia qmi_wwan, cdc_mbim au huawei_cdc_ncm, navyo hukupa /dev/cdc-wdm0 na kadi ya mtandao iitwayo wwan0. Draiva zote hizo zimo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, kwa hiyo yule anayekuambia utafute "CD ya draiva za Linux" anakupotezea muda.

Aina ya pili ni ile Huawei wanaita HiLink. Hii ni ruta ndogo iliyovaa umbo la flashi. Yenyewe inapiga, yenyewe inashika mnara, na kompyuta inagawiwa anwani ya ndani kama inavyogawiwa na ruta ya ofisini. Kompyuta inaiona kama kadi ya waya tu, kupitia draiva ya cdc_ether. APN, PIN ya laini na ujumbe mfupi unavikuta kwenye kivinjari kwa kuandika 192.168.8.1. E3372h, ambayo hufika kasi ya 150 Mbps kwenye karatasi, ni ya kundi hili.

Kwa mtu anayetaka kufanya kazi yake bila kuhangaika na terminali (dirisha la kuandikia amri), chukua HiLink. Haijali kompyuta ina mfumo gani. Alimradi inajua kadi ya waya, basi. Kijiti cha asili kinamfaa anayetaka kutuma SMS kwa programu, kuangalia salio kwa amri, au kujua mnara gani umeshikwa. Faida hiyo inakuja na vitu vingi zaidi vya kuharibika.

HiLink ina mshangao wake. Mtu aliyesoma maelekezo ya zamani anaandika mmcli -L, skrini inamjibu "No modems were found", anarudisha kifaa dukani akidai ni kibovu. Si kibovu. ModemManager haina kazi na HiLink, kwa sababu kwa kompyuta hiyo si modemu tena. Andika ip a badala yake. Ukiona kadi mpya yenye jina refu linaloanza na enx, na anwani kama 192.168.8.100, uko hewani au umebakiza APN tu. Kwenye alama ya mtandao itaonekana kama muunganisho wa waya, ilhali waya huuoni. E3372h nyingi za HiLink zinatoka na anwani moja ya kadi, kwa hiyo jina utakalokuta ni enx0c5b8f279a64, lilelile kwa jirani yako. Usiweke mbili kama hizo kwenye kompyuta moja ukitumaini kuongeza spidi. Zitagombana kwa jina na kwa anwani ya 192.168.8.1.

Sasa tuje kwenye kile kinachowatesa wengi, nacho ni ile "CD" iliyofichwa. Modemu karibu zote za kizazi hiki zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama kisoma CD. Ndani ya CD hiyo ya uongo kuna programu ya Windows, Mobile Partner kwa mfano, iliyowekwa humo ili mnunuzi asihitaji diski. Windows ikishaisakinisha, programu inaiambia modemu: vua sura ya CD, vaa sura ya modemu. Linux nayo ina wa kuisemesha hivyo, programu ndogo iitwayo usb_modeswitch pamoja na kifurushi chake cha takwimu, usb-modeswitch-data, chenye orodha ya vifaa na neno la siri la kila kimoja. Vifurushi hivyo vikiwepo, mabadiliko yanatokea yenyewe ndani ya sekunde chache. Visipokuwepo, utabaki na picha ya CD kwenye eneo la kazi milele.

Namna ya kujua ni amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB. Chomeka modemu, andika lsusb, tafuta mstari wenye 12d1 (Huawei) au 19d2 (ZTE). Tarakimu nne zinazofuata nukta mbili ndizo sura iliyovaliwa. E173 ikiwa 12d1:1446 bado ni CD. E3372h ikiwa 12d1:1f01 bado ni CD. Ikigeuka 12d1:14dc, imeshakuwa ruta. Usishtuke ile 1f01 ikiandikwa E353/E3131 wakati umeshika E3372h mkononi: namba hiyo inatumiwa na modeli kadhaa, na orodha inataja zile zilizotangulia. Tena kwenye 14dc utasoma "E33372", tatu moja ya ziada. Aliyeandika orodha aliteleza kidole na imebaki hivyo.

Ikigoma kugeuka, ilazimishe: sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1f01 -J kwa Huawei mpya. Kwa za zamani weka -H mahali pa -J, na namba ya -p iwe ile uliyoiona kwenye lsusb. ZTE nyingi hugeuka kwa kutoa CD tu: sudo eject /dev/sr0. Ila laptopu ikiwa na kisoma DVD chake, sr0 ni hicho, na utaona trei inachomoza kukusalimia. Jaribu sr1.

Kuna mtego wa yai na kuku. Ubuntu na Mint zinakuja na usb-modeswitch na ModemManager tayari. Debian iliyosakinishwa kwa ile diski ndogo ya netinst bila eneo la kazi huenda isiwe navyo, na ili uvipate unahitaji intaneti, ambayo ndiyo hiyo unaitafuta. Dawa ya haraka ni simu ya Android: waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na kompyuta inapata kadi mpya bila kusanidi chochote. Kisha sudo apt install usb-modeswitch modemmanager mobile-broadband-provider-info, na simu unairudisha mfukoni.

Kabla ya kulipa, jaribu palepale. Nenda na laptopu, flashi yenye Linux ya kuwashia moja kwa moja, na laini yako yenye bando. Wauzaji wengi wa Mwanjelwa, na wa Miyomboni kule Iringa vilevile, hawakatai ukiomba kwa upole wakati hakuna foleni. Asubuhi ni bora kuliko jioni. Tangulia na sudo dmesg -w kwenye terminali, ndipo uchomeke. Modemu nzima itaandika kwamba kifaa kipya cha USB kimeingia, itajitoa, itaingia tena kwa namba nyingine. Kule kujitoa mara moja ndiko kubadili sura, ni kuzuri. Ikijitoa na kuingia kila baada ya sekunde kumi na tano bila kutulia, achana nayo, au angalau jaribu tundu jingine kwanza. Kijiti cha asili kipe nusu dakika ndipo uandike mmcli -L, maana ModemManager inagonga kila mlango kabla ya kukubali.

Ikiitaja modemu, andika mmcli -m 0 na usome kwa utulivu. Namba hiyo ya mwisho inapanda kila ukichomoa na kuchomeka, kwa hiyo mara ya tatu itakuwa 2. Maneno "lock: sim-pin2" hayana neno, yapo hata kwenye modemu nzima kabisa. Ukisoma "ph-net-pin", hapo modemu imefungwa kwa mtandao mmoja na laini yako si ya mtandao huo. Kufunguliwa kunawezekana kwa modeli nyingi za Huawei za zamani kwa namba inayotokana na IMEI, lakini kifaa kinakubali majaribio kumi tu. Aliyekutangulia anaweza kuwa ameshatumia tisa. Kwenye mlango wa amri (mmojawapo wa ile ttyUSB), AT^CARDLOCK? inakujibu kitu kama ^CARDLOCK: 1,10,0, moja ya mwanzo ni "imefungwa", kumi ni majaribio yaliyobaki. Ikianza na 2, iko huru. Modemu iliyofungwa kwa laini unayotumia wewe siku zote haina ubaya, na huuzwa rahisi. Ubaya unakuja siku mnara wa jirani unapokuwa wa mtandao mwingine.

Hapo hapo kagua tundu la laini. Vijiti vya zamani vinapokea laini ya ukubwa wa kawaida, na laini za sasa hukatwa nano. Adapta ya plastiki bila nano ndani yake, au nano iliyolegea, inanasa pini za tundu. Ukivuta unazing'oa na modemu imekwisha. Bandika kipande kidogo cha selotepu nyuma ya adapta ili laini isidondoke, na usiingize adapta tupu hata kwa kujaribu.

IMEI ya kwenye kibandiko itume kwa ujumbe kwenda 15090, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usome jibu linataja modeli gani. Likitaja simu ya batani wakati umeshika modemu, rudisha kifaa kwa mwenyewe. Na laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako. *106# kwenye simu inaonyesha.

Masafa ndiyo sehemu ambayo hata mafundi wazuri huiruka, na kwa milima yetu ndiyo inayoamua. 4G si kitu kimoja. Ni mafungu ya masafa, na kila modemu inasikia baadhi yake tu. Masafa ya chini, 700 na 800 MHz, yanakwenda mbali na kupenya kuta. Ya juu kama 1800 na 2600 yanabeba data nyingi ila yanachoka haraka. Mjini Mbeya, kati ya Kabwe na Mafiati, minara iko karibu na lolote litakutosha. Ukishuka mabonde ya Tukuyu au ukaingia vijiji vya Makete, mara nyingi kinachokufikia ni masafa ya chini peke yake, na modemu isiyoyasikia itakuonyesha 3G wakati simu ya jirani ina 4G kamili. Hapo ndipo mtu anasema modemu ni feki.

Dawa ni kupima nyumbani kwako kwanza, kwa simu. Programu ya Android iitwayo NetMonster inaonyesha namba inayoitwa EARFCN ya mnara ulioshikwa. Namba kati ya 1200 na 1949 ni bendi ya 3, yaani 1800 MHz. Kati ya 6150 na 6449 ni bendi ya 20, 800 MHz. Kati ya 9210 na 9659 ni bendi ya 28, 700 MHz. Kati ya 0 na 599 ni bendi ya 1, 2100 MHz. Zunguka nayo: sebuleni, uani, chumba unachofanyia kazi, mchana na usiku, ukiandika kila namba. Sasa rudi kwenye kile kistari. E3372h-153 inasikia bendi za 1, 3, 7, 8 na 20. E3372h-607 inasikia 1, 3, 7, 8, 28 na 40. Kama nyumbani kwako 4G ni ya bendi ya 20, ile 607 haitaiona kamwe, hata uipandishe juu ya paa. Kama ni ya 28, 153 ndiyo kiziwi. Modemu mbili zinafanana kama mapacha, moja utaiweka kabatini.

Na kama simu inakuonyesha 3G tu kila mahali pa nyumba, usilipie 4G. E303 au MF190 iliyotumika, yenye 7.2 Mbps, itakupa kilekile kwa pesa kidogo, na E3131 yenye 21 Mbps itazidi kidogo. Tofauti ya bei inunulie kebo nzuri ya kurefusha, maana hiyo ndiyo itakayokuongezea spidi kuliko tarakimu za kwenye kasha.

Nyumba za huku ni matofali ya kuchoma na bati. Bati ni ukuta kwa mawimbi. Modemu iliyochomekwa ubavuni mwa laptopu katikati ya chumba inapata nusu ya kile ambacho ingepata dirishani, na dirisha lenyewe si lolote, ni linaloutazama mnara. Iringa inaonyesha hili waziwazi: mji uko juu ya ukingo, Ipogolo iko chini barabarani kando ya Ruaha Mdogo, na nyumba mbili zisizopishana mita mia zinaweza kushika minara tofauti kwa sababu moja imejificha nyuma ya mteremko. Kijiti kifunge kwenye kebo, ukining'inize juu ya dirisha, ukizungushe taratibu. Kwa kijiti cha asili andika mmcli -m 0 --signal-setup=5 kisha mmcli -m 0 --signal-get, na uangalie RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara kwa dBm. Karibu na -80 ni kuzuri sana, -100 kunafanyika kazi, kuanzia -115 kurudi chini unapoteza muda. Kwa amri za zamani ni AT+CSQ: zidisha jibu kwa mbili, toa 113, umepata dBm. Jibu 99 maana yake haijasikia chochote. Sogeza sentimita ishirini, subiri nusu dakika, soma tena. Kusoma harakaharaka kunadanganya.

Kebo yenyewe ni mtihani. USB 2.0 inaruhusu mita 5 kwa kipimo rasmi, lakini kebo nyembamba za sokoni zinaanza kuua modemu kwenye mita 3, wakati mwingine kabla. Sababu ni umeme, si data. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, na modemu inayopigia kelele mnara wa mbali inavuta karibu zote, hasa inapoanza kutuma. Waya mwembamba unashusha volti, modemu inazimika kwa nusu sekunde, inawaka, inaanza upya. Kwenye dmesg utaona "USB disconnect" zikipangana. Dalili ya wazi ni hii: kusoma kurasa kunakubali, kutuma kiambatisho kunakata. Mtu analaumu mtandao. Badili kebo kwa fupi na nene, au tumia habu yenye adapta yake ya umeme.

Dalili inayofanana na hiyo lakini yenye chanzo kingine ni modemu inayopotea ukiacha laptopu dakika chache kwenye betri. Hapo mwizi ni programu ya kubana chaji. Kama umeweka TLP, fungua /etc/tlp.conf, andika USB_EXCLUDE_WWAN=1, anzisha upya.

Antena ya nje inafaa kwa mwenye bonde kubwa mbele yake. Angalia kama modemu ina vijitundu viwili pembeni, chini ya vifuniko vya plastiki, na ni vya aina gani: CRC9 na TS9 vinafanana kwa macho, ila ukilazimisha kimoja ndani ya kingine unavunja pini ya kati. E173 na ndugu zake wana kimoja tu. Kumbuka pia mvua. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kiungo cha antena kisichofungwa kwa utepe wa mpira kinaingia maji msimu wa kwanza, na kuanzia hapo antena inakuwa pambo.

Laptopu za mtumba zina kishawishi chao. ThinkPad T420 na X220 zina tundu la laini chini ya betri, na wanunuzi hudhani modemu imo. Mara nyingi tundu lipo, kadi haipo. Ukinunua kadi yoyote ya ndani na kuipachika, BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) inaweza kugoma na kuandika "1802: Unauthorized network card is plugged in", kwa sababu inakubali kadi zilizo kwenye orodha yake tu. Tafuta kadi iliyotoka kwenye mashine ya modeli hiyohiyo, au baki na USB. Kadi za ndani za kisasa zina kufuli la ziada: ModemManager kuanzia toleo la 1.18.4 haizifungui yenyewe, ni mpaka mmiliki wa kompyuta aruhusu hati za fcc-unlock kwenye /etc/ModemManager. Ukiona modemu inatambulika lakini inakataa kuwashwa, anzia hapo.

Vile vijiti vyeupe visivyo na jina, vyenye Wi-Fi, vinavyouzwa rahisi kuliko vyote? Vingi ni Android ndogo iliyofungwa kwenye plastiki. Kwa Linux havina shida, kwa sababu vinatoa Wi-Fi na kila kompyuta inaijua, na unaweza kuvichomeka hata kwenye powerbank umeme ukikatika. Shida yao ni joto, masafa machache kuliko kasha linavyodai, na IMEI zenye mashaka. Ukinunua, ijaribu ile 15090 kwanza, kisha uiache ikipakua kwa saa nzima kabla ya kuiamini. MiFi (ruta ya mfukoni ya Wi-Fi) yenye betri ni salama zaidi kwa upande wa mfumo, lakini ikikaa kwenye chaja mchana na usiku betri inavimba na kusukuma mfuniko. Ikianza kufunguka yenyewe, itoe betri hiyo.

Kusanidi kijiti cha asili hakuchukui dakika. Kwenye NetworkManager chagua muunganisho mpya wa simu, chagua Tanzania, chagua mtandao. Orodha hiyo huzeeka. Mtandao uliobadili jina kuwa Yas mwaka 2024 unaweza kuukuta bado kwa jina la Tigo. Kwa terminali ni sudo nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name bando apn internet, na kama APN yako ni nyingine, ibadilishe hapo mwisho. Salio unaliangalia kwa mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate="*102#", japo kuunga bando lenye menyu ndefu kwa njia hiyo ni kujitafutia kazi. Weka laini kwenye simu, unga, irudishe.

Bando lenyewe lilinde siku ya kwanza, kabla hujafungua kivinjari. Ubuntu ikipata intaneti inakimbilia masasisho, na kifurushi kimoja cha snap, mfumo wake wa kusakinisha programu, kinaweza kumeza mamia ya megabaiti ukiwa unasoma barua pepe. Andika nmcli connection modify bando connection.metered yes ili mfumo ujue unalipia kwa kipimo, halafu sudo snap refresh --hold. Kwa HiLink jina la muunganisho ni lile la waya, "Wired connection 1" au 2. Lithibitishe kwa nmcli connection show, maana ukiliwekea kipimo muunganisho usio wenyewe, bando litaondoka usiku huohuo. Linux Mint haiji na snap, na kwa anayeunga bando la siku hiyo pekee ni sababu ya kutosha kuichagua. Masasisho makubwa yaache mpaka usiku wa bando la usiku, na modemu iwe dirishani.